Tupeane uzoefu: Ni lini redio, televisheni au simu ilibadilisha jambo nyumbani kwenu?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mawasiliano ya umma. Mwezi wa Februari, tulipokuwa tukifunga chuo kwa likizo fupi, mhadhiri wetu alitupa kazi ambayo niliiona nyepesi kupita kiasi: kila mmoja aende nyumbani na daftari, na kwa siku saba aandike kila chombo cha habari kinachosikilizwa, kinachosomwa au kinachotazamwa ndani ya nyumba, nani aliyekifungua, na nini kilichofuata baada ya hapo. Nilidhani nitaandika juu ya simu yangu, na kwa siku mbili za kwanza ndivyo nilivyofanya, hadi nikaona haya kuendelea kuzihesabu saa. Siku ya tatu nikahamia kwa babu.

Babu anaishi Muheza, si mbali na mto Zigi. Redio yake ni ya betri nne, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usidondoke, na betri zikianza kuchoka huanikwa juani juu ya ungo, pembeni ya mihogo. Ikifika saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, hata mtoto anayelia hutolewa nje. Jioni moja ilisomwa taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mwelekeo wa mvua za masika, kwamba zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Hazikupita dakika kumi wakaingia majirani watatu. Wote wana simu, na mmoja wao alikuwa na taarifa hiyohiyo mkononi, neno kwa neno. Hata hivyo aliuliza, "Mzee, wamesemaje?" Babu akajibu, "Wamesema bonde la chini msilipande mwaka huu, Zigi utalichukua."

Redio haikutaja bonde, wala haikuutaja mto Zigi. Niliandika hivyo kwenye daftari nikapigia mstari, kwa sababu ilinikumbusha somo tulilokwisha kulisoma darasani bila mimi kulielewa. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapigakura wa Erie, jimbo la Ohio, Marekani, kwa miezi kadhaa ya kampeni za urais, wakitarajia kuona jinsi redio na magazeti yanavyowageuza watu. Waliogeuzwa walikuwa wachache. Wengi walivutwa zaidi na ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzao, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa akisoma na kusikiliza kuliko wao. Kwa maneno mengine, kila mtaa wa Ohio ulikuwa na babu yangu.

Ninaandika ripoti ndefu zaidi juu ya jambo hili na ninaomba uzoefu wenu. Tafadhali tusirudie insha za kidato cha pili za faida na hasara za vyombo vya habari. Naomba tukio moja tu: chombo kilisema nini, nani nyumbani alilipokea neno hilo, na nini kilibadilika.

Mwalimu Mstaafu, Iramba

Mwanangu, umenirudisha mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo wakisikia kwamba Radio Tanzania iliwafanya watu wazima takriban milioni mbili washiriki masomo ya afya kwa wiki 12 hudhani watu walikaa tu majumbani wakasikiliza. Haikuwa hivyo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kitabu na ratiba, nasi tulikutana chini ya mwembe wa shule, tukasikiliza kipindi, kisha tukasoma kwa sauti, kisha tukabishana. Mada zilikuwa malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Mwishoni mwa kila kikao swali lilikuwa moja: wiki hii tunafanya nini? Ndipo vyoo vikachimbwa.

Nilikuwa kiongozi wa kikundi, na nina jambo ambalo sikuliandika kwenye taarifa yangu kwa afisa elimu. Wiki ya tano betri zilikwisha, na duka la karibu halikuwa nazo. Kwa wiki tatu tulikutana na redio iliyo bubu. Niliiweka mezani kama kawaida kwa sababu niliogopa kwamba isipoonekana watu hawatakuja. Walikuja wote. Mzee mmoja alisema kwamba afadhali hivyo, kwani sasa anasikia vizuri. Lakini usidhani nilikuwa na ushawishi mkubwa. Nilihubiri choo kwa majuma manne bila mtu kushika jembe, hadi mke wangu aliponiuliza kwetu tunajisaidia wapi. Nilipoanza kuchimba changu, Jumamosi iliyofuata nilihesabu mashimo saba kijijini.

Binti wa Dereva, Makambako

Baba yangu alikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo mtaelewa kwa nini mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993, ulitugusa kwa namna ya pekee. Humo mlikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Lengo lilikuwa kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, mambo ambayo nyumbani kwetu hayakuwa na jina.

Mchezo ule ulitupatia jina. Jioni moja baba alirudi baada ya siku kumi na mbili, akakuta mama anapembua mchele barazani. Mama hakuinua uso. Alisema tu, "Watoto, mpokeeni Mkwaju mizigo." Baba alicheka kwanza. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, aliingia ndani, na kile kipindi kilipofika aliizima redio, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla. Mama akachukua kiti, akaenda kuusikiliza kwa jirani. Naamini kwamba miaka ishirini ya ndoa haikuwa imempa mama njia ya kumwambia baba sentensi ile, kwa sababu kila njia nyingine ingekuwa tuhuma, na tuhuma hudai ushahidi.

Kuna kioja kimoja ambacho nilikielewa nikiwa mtu mzima. Likizo moja alikuja binamu yetu kutoka Dodoma, na sisi tulipokuwa tukitaniana kwa jina la Mkwaju yeye alituuliza huyo ni nani. Tulimcheka sana. Kumbe kwa miaka ile ya mwanzo, hadi 1995, mitambo ya Dodoma haikuurusha mchezo huo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe eneo lililousikia na eneo lisilousikia. Binamu yangu alikuwa ndani ya utafiti bila kujua, nasi vilevile.

Mzaliwa wa Nakuru

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Yangu ni ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amekwisha kupiga pasi nguo zetu za kanisani. Baba alikuwa uani akipiga mswaki, na redio ilikuwa dirishani. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwetu alikuwa kama mtu wa nyumbani, kwa kuwa kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966, ndicho kilichotumika kutukanya tukila kwa kelele. Asubuhi hiyo askari wa Jeshi la Anga walikuwa wamemlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa.

Baba alisimama, mswaki ungali mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema maneno ambayo sijayasahau: "Huyo ni Mambo, lakini hasemi kama Mambo." Akafunga mlango, nasi tukashinda ndani na nguo zetu za kanisani zikining'inia ukutani. Jirani yetu, aliyesikia maneno yaleyale kwenye redio ya aina ileile, alitoka barabarani akishangilia. Jaribio lilizimwa, na kwa wiki kadhaa jirani yule hakuonekana kibarazani kwake. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, katika ripoti yako ongeza sauti. Baba hakuyapima yale maneno. Alipima pumzi ya msemaji aliyemzoea kwa miaka mingi. Mtu mgeni angetangaza habari ileile, sijui baba angefanya nini.

Mpemba wa Muscat

Langu ni fupi. Zamani matangazo ya vifo yalisomwa redioni, na kabla ya kusomwa jina palikuwa na muda wa kukaa kitako na kushika moyo. Mwaka jana nilijua kifo cha shangazi yangu kwa kuona picha yake kwenye simu ya mtu baki, imewekewa mshumaa na maua, nikiwa kwenye foleni ya kulipa sokoni hapa Muscat. Kaka yangu alinipigia dakika arobaini baadaye, akianza taratibu kwa kuniuliza hali za watoto, kama ilivyo desturi yetu ya kupasua habari ya msiba. Nilimwacha amalize utaratibu wake wote. Nilijifanya sijui, ili nisimnyang'anye kazi yake.

Baba Watatu, Mwanza

Nimesoma yote na ninaomba kupinga. Huyo babu wa Muheza ni mzuri, lakini kwangu hakuna babu. Redio inayosikilizwa nyumbani asubuhi, wakati watoto wanajiandaa kwenda shule, hupitisha tangazo la kubeti kila baada ya wimbo mmoja au miwili, na mtangazaji mwenyewe husimulia nani ameshinda kwa kuweka shilingi mia tano. Hakuna mtu aliyekaa kumfafanulia mwanangu. Mwezi wa Machi nilifua suruali yake nikakuta mfukoni karatasi kumi na moja za mikeka, yaani orodha za timu alizobetia, nyingine zimeloa hadi namba zimefutika, na ada niliyompa ilikuwa pungufu kwa shilingi elfu sitini. Yuko kidato cha nne. Aliniambia, kwa utulivu ulionitisha, kwamba mkeka wa mwisho ulichanika kwa timu moja tu.

Kwa hiyo hao wa Ohio walikuwa na bahati. Mgombea urais hatangazwi mara thelathini kwa siku kwa miaka mitatu.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu, shikamoo baba, na wakubwa wote ninawaamkia. Baba wa Mwanza, pole sana. Pingamizi lako limeniharibia sura nzima na ninakushukuru. Naomba niulize jambo moja bila kukuudhi: mkeka wa kwanza kabisa, nani alimfundisha kuujaza?

Baba Watatu, Mwanza

Nimemwuliza jana usiku. Alifundishwa na kinyozi. Najua utafurahi kusikia hivyo, maana kinyozi ndiye babu yako. Lakini nilimwuliza pia kwa nini alimwomba kinyozi amfundishe, akasema ni kwa sababu kila mtu anazungumzia kubeti. Nikamwuliza kila mtu nani. Akafikiri, akataja watangazaji wawili wa asubuhi kabla ya kumtaja rafiki yake hata mmoja. Sasa hilo utaliweka wapi?

Mleta mada

Nitaliweka karibu na somo jingine, la Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliowahoji wapigakura wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968, wakakuta kwamba mambo ambayo watu waliyaona kuwa mazito yalifanana sana na yale ambayo vyombo vya habari vilikuwa vimeyapa nafasi kubwa. Kinyozi alimfundisha kijana wako kujaza mkeka, lakini redio ndiyo iliyofanya mkeka uwe jambo la kuulizwa kwa kinyozi. Nilikuwa nimeandika kurasa sita juu ya nguvu ya mtu wa kati, nami sikuwa nimejiuliza ni nani anayeamua mtu huyo wa kati ataulizwa swali gani. Hata majirani wa babu walikuja kuuliza habari za mvua usiku ule kwa kuwa redio ilisoma habari za mvua.

Mwalimu Mstaafu, Iramba

Marahaba. Wanafunzi wangu walikuwa na tabia ya kuacha hesabu katikati, na naona nawe umeiacha. Masika yamekwisha. Je, Zigi ulilichukua bonde?

Mleta mada

Nilitumaini hakuna atakayeuliza. Mwalimu, mvua zilinyesha vizuri kama ilivyotabiriwa, lakini zilikuja kwa mtawanyo na mto haukutoka kwenye kingo zake. Babu aliacha bonde bila kupanda, na majirani wawili kati ya wale watatu walifanya vivyo hivyo. Wa tatu, yule aliyekuwa na taarifa kwenye simu, alirudi nyumbani akaisoma tena mwenyewe, akapanda, na wiki iliyopita amevuna mahindi ya kujaza stoo yote.

Nilimpigia babu kumwuliza kama bado wanakuja saa mbili usiku. Alisema wanakuja wote watatu, na kwamba mwenye mahindi ndiye anayekuja mapema zaidi na ndiye aliyemletea betri mpya.