Binti yangu yuko kidato cha sita, mock imemvunja nguvu na baba yake anataka udaktari tu, nifanyeje?

mama_wa_watatu

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumefika pagumu. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha sita, anakaa bweni, kombi yake PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na pepa zinaanza mwezi wa tano. Matokeo ya mock, ule mtihani wa majaribio, yametoka, ana divisheni three ya pointi 13, yaani Baiolojia C, Kemia D na Fizikia S. Kidato cha nne alipata one nzuri tu, na tangu siku ile baba yake anamwita daktari, hata wageni wakija anamtambulisha hivyo hivyo, huyu ndo daktari wetu, na mtoto anatabasamu tu anaingia ndani.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kutembelea wanafunzi, nikampelekea pilau na kuku vitu anavyovipenda tangu mdogo, akawa anachambua chambua nyama, wali haugusi. Nikamwomba anioneshe karatasi zake za mock zilizosahihishwa. Ile ya Fizikia kuna swali aliandika jibu akalikata, akaandika lingine akalikata tena juu yake mpaka karatasi imetoboka, na mwalimu kaandika pembeni kwa wino mwekundu "la kwanza lilikuwa sahihi". Nikamuuliza mwanangu mbona ulilikata, akasema mama nilikuwa naogopa. Hakusema zaidi na mimi sikumsukuma.

Wakati naondoka akanisindikiza mpaka getini akaniambia taratibu kwamba yeye anapenda mambo ya lishe, kuna mwalimu aliwaeleza kuhusu kozi za SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, ila nisimwambie baba. Sasa hii siri inaninyima usingizi. Nimwambie baba yake sasa hivi au nisubiri mtihani uishe? Na hiyo three ikibaki hivyo hivyo chuo atapata kweli? Na mtu nimsaidieje mtoto aliye bweni, hana simu, namuona mara moja kwa mwezi? Asanteni sana.

Ticha_Kemia

Pole sana mama. Mimi nafundisha Kemia kidato cha tano na sita, huu mwaka wa 11 sasa, watoto kama wako napata kila mwaka kwahiyo niache niongee kwa kirefu kidogo.

Kwanza wazazi wengi mnachanganya pointi za aina mbili. Pointi za divisheni za NECTA, yaani baraza la mitihani, ni ndogo ndo nzuri, A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, kwahiyo C na D na S unapata 3 na 4 na 6 jumla 13 na three inaanzia hapo hapo kwenye 13, mwanao angekuwa na 12 tu ingesomeka two. Pointi za kuingilia chuo za TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, ni kinyume chake, kubwa ndo nzuri, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S ni nusu. Kiwango cha chini cha kuomba digrii kwa ujumla ni principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4, na principal ni kuanzia E kwenda juu. Sasa hesabu mwenyewe, Baiolojia C ni 3, Kemia D ni 2, hiyo ni 5. Kwa matokeo haya haya ya mock mwanao tayari ana sifa ya kuomba digrii, ingawa kila kozi ina masharti yake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU na lazima muyasome kozi kwa kozi. Udaktari wa binadamu ndo hapati kwa hali hii, maana pale wanataka principal zote tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na S sio principal. Na hata ukitimiza masharti hayo ni ya kuombea tu, nafasi zinagombewa na wenye A na B.

Lakini sikia, S ni alama 35 mpaka 39, E inaanzia 40. Ni alama chache mno hizo! Na kwenye Fizikia kuna pepa ya tatu ya praktiko ambayo ndo mahali watoto wengi wanaokota alama, akirudia rudia zile praktiko na mwalimu wake wiki hizi, kuchora grafu vizuri, kuandika vipimo na yunithi zake, S inaondoka. Asianze topiki mpya sasa hivi. Achukue past pepa, akae na saa mezani, afanye mwanzo mpaka mwisho kama yuko chumba cha mtihani, halafu ampelekee mwalimu asahihishe.

Kuhusu hiyo karatasi iliyotoboka, mama, hilo ndo limenigusa kuliko yote. Huyo mtoto anajua. Aliyeandika jibu sahihi mara ya kwanza anajua, kilichomkata mkono ni woga. Mimi darasani kwangu nina sheria moja, hakuna kukata jibu mpaka umemaliza pepa nzima, ukirudi na bado unaona ni kosa, piga mstari mmoja tu, usichimbe. Mwambie ajaribu hivyo kwenye mazoezi. Na alale. Bweni wanakesha saa nane saa tisa usiku miguu kwenye beseni la maji ya baridi, asubuhi mtu anasoma swali mara tatu haliingii.

Kibada_Baba

Mimi nitaongea kama baba maana naona hapa tunaenda kumweka mzee pembeni na sio sawa. Dada yangu, usimfiche mumeo. Najua mtoto kakuomba, lakini siri ya namna hii ikija kuvuja mwezi wa saba siku matokeo yanatoka itakuwa ugomvi wa watu watatu na anayeumia ni yule yule binti.

Mimi kijana wangu nilimsukumia uinjinia miaka miwili mizima, mama yake anajua kwamba hataki, dada zake wanajua, jirani anajua, mimi peke yangu ndo nilikuwa gizani naendelea kuchangamka. Nilivyokuja kujua sikukasirika kuhusu kozi, niliumia kwamba nyumba nzima ilikuwa inaniogopa. Baba anayemwita mtoto daktari mbele ya wageni hamchukii mtoto, ana furaha na hajui aiweke wapi. Usianze kumwambia habari za SUA. Anza na ile karatasi. Muwekee mezani usiku watoto wamelala, asome mwenyewe maneno ya mwalimu, halafu nyamaza.

Na mwambie mlango wa udaktari haufungwi na mtihani mmoja. Mtoto akija kuutaka mwenyewe kuna diploma ya utabibu miaka mitatu chini ya NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi, akitoka na wastani (GPA) wa 3.0 au zaidi anaomba digrii ya udaktari. Namjua mtu kapita huko na leo anatibu watu hospitali ya wilaya.

MamaJunior_Moshi

Naunga mkono hapo juu, ila kuna jambo hakuna aliyeligusa na kwangu ndo lilikuwa kizungumkuti, nalo ni JKT, jeshi la kujenga taifa. Wakimaliza tu mtihani majina ya wanaotakiwa kwenda kwa mujibu wa sheria yanatoka, mwezi wa sita wanaripoti kambini, miezi mitatu hivi. Matokeo yanatoka mwezi wa saba mtoto yuko kambini, dirisha la kuomba vyuo linafunguka mtoto yuko kambini, mkopo nao ndo huo huo wakati. Simu kule ni ya kubahatisha. Siku hizi kila chuo kinaombwa chenyewe kwenye mtandao wake, zile zama za kuombea vyuo vyote sehemu moja TCU ziliisha 2017, kwahiyo anayeomba ni wewe mama, usiku, na kisimu chako. Mimi nilikuwa sijui mwanangu anataka nini cha pili wala cha tatu! Nilichagua kozi mbili kwa kukisia, akarudi akaniuliza mama hii umeitoa wapi, nikakosa jibu.

Kwahiyo pepa ya mwisho ikiisha, kabla hajaondoka kwenda kambini, kaeni chini aandike kwa mkono wake kozi tano sita kwa mpangilio, na vyuo vyake. Usimsumbue na hili wakati anasoma, ila siku zile chache za katikati zitumieni.

Kingine, barua pepe na laini ya simu. Mimi nilienda stesheneri kule mjini kijana akaniombea vizuri tu, kumbe kaweka barua pepe yake na namba yake. Mtoto akachaguliwa vyuo viwili, ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalum ya siri inayotumwa, na namba imeenda kwa yule kijana ambaye kaenda kijijini kwao msibani. Siku mbili natafuta mtu. Fungueni barua pepe ya binti mwenyewe, nywila iandikwe kwenye daftari, laini ya simu ambayo haitazimwa.

Na vyeti anza LEO, hii ndo kazi ya mzazi wa mtoto wa bweni. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, kama mko Zanzibar ni ZCSRA. Dirisha la mkopo la bodi ya mikopo huwa linafunguka kwenye mwezi wa sita na mfumo utakudai hiyo namba ya uhakiki. Majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne, na namba ya mtihani ya kidato cha nne aliyoombea chuo iwe hiyo hiyo kwenye mkopo. Kuna fomu ya kugongwa muhuri serikali ya mtaa na kwa wakili, kuna mdhamini na kitambulisho chake. Ukiyamaliza haya mapema mtoto anasoma akijua nyumbani mambo yanaenda.

lulu_mwaka_wa_tatu

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi bado, sina uzoefu wa uzazi ila niongee kama mtoto. Nilipelekwa kozi ambayo sikuitaka, sitaitaja kozi wala chuo, na nilikubali kwa sababu baba alikuwa ameuza kiwanja. Mwaka wa kwanza sapu nne, yaani mitihani ya kurudia, nikajiambia nitazoea, mwaka wa pili nikadisko, yaani nikaondolewa chuo kwa kufeli. Kurudi nyumbani na begi katikati ya muhula, mama ndo alinifungulia mlango, hakusema kitu akanipokea begi. Sasa hivi nasoma ualimu wa Kiswahili na Jiografia chuo kingine, niko mwaka wa tatu, sina sapu hata moja. Mkopo ule wa mwanzo nadaiwa bado, na nikianza kazi nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mpaka na miaka ambayo sikuitumia.

Mama naomba umwambie binti jambo moja, kwamba umemsikia pale getini. Asije akadhani ulisikia ukasahau. Mimi nilimwambia mama yangu kidato cha sita akasema tutaona, na sikurudia tena.

mama_wa_watatu

Wapendwa nimerudi kuwapa mrejesho, na Mungu awabariki sana. Ticha nilipiga zile hesabu mara tatu na kalamu, nilikuwa naamini mtoto kashakosa chuo kabisa. Lulu umeniliza mwanangu, nimempigia matron jana nikaomba niongee na binti dakika mbili, nikamwambia yale ya getini nimeyasikia na nayakumbuka. Akasema "sawa mama", sauti ikawa nyepesi nikaisikia kabisa.

Usiku juzi nikafanya kama Kibada_Baba alivyosema, nikaweka ile karatasi mezani chini ya taa. Mume wangu akavaa miwani akaisoma, akapitisha kidole pale palipotoboka. Akakaa muda mrefu. Halafu akauliza, "anaogopa nini?" Nikamwambia anaogopa kukuangusha. Hakunijibu, akaingia kulala. Asubuhi nikamkuta ana ile bahasha ya vyeti mapajani anatafuta cheti cha kuzaliwa, na mimi sijamwambia habari ya RITA bado! Nikamweleza yote ya MamaJunior, akasema hiyo kazi ni yake. Kuhusu lishe nimemwambia pia. Hajasema ndiyo hajasema hapana, ameniuliza tu waliosoma hiyo wanafanya kazi wapi, nikamwambia najua maafisa lishe wa halmashauri, mengine tutauliza.

Jumamosi anaenda yeye kumuona, peke yake, nitampikia pilau abebe. Ila tumekwama hapa, cheti cha kuzaliwa jina la katikati lina herufi moja imezidi tofauti na cheti cha kidato cha nne. Tufanyeje?

Ticha_Kemia

Hiyo herufi moja msiipuuze mama, kila mwaka kuna mtoto anakwama hapo. Nendeni RITA ofisi ya wilaya na vyeti vyote viwili, waelezeni kosa lilipo na muwaulize utaratibu wa marekebisho kabla ya kuomba uhakiki, mkiuhakiki hivyo hivyo mtaanza upya. Na mzee akienda Jumamosi abebe na betri za kikokotoo, za mwanafunzi wangu mmoja ziliisha katikati ya pepa mwaka jana.