Nyota mbili jirani au nyota nne mbali? Kituo cha kusafisha figo

Kutoka: Mama watatu, Brooklyn Park

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Sina desturi ya kuandika humu. Huwa nasoma matangazo ya misiba na ya kontena, napita. Leo nimebanwa. Baba watoto, miaka 48, alilazwa wiki mbili zilizopita, miguu imevimba na usiku hawezi kulala chali. Presha ya miaka mingi tuliyokuwa tunaichukulia kama mafua. Figo zote mbili basi tena. Wamemwekea mpira kifuani wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, ameshasafishwa damu mara tano.

Sasa wanamruhusu, na afisa ustawi wa hospitali kanipa majina ya vituo viwili vyenye nafasi, nichague kabla ya Ijumaa. Kimoja kiko dakika sita kutoka nyumbani; kwenye tovuti ya Medicare, bima ya serikali, kina nyota mbili. Cha pili dakika ishirini na tano barabara ikiwa haina theluji, nyota nne. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari, na mimi nafanya kazi usiku. Hizi nyota ni za nini hasa? Na bima je? Yeye ni mtu wa ghala, bima ni ya kazini, na miaka 65 ya kuingia Medicare bado iko mbali.

Kutoka: Dada wa St. Paul

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, mpe pole na shemeji. Mzee wangu yuko mwaka wa sita kwenye kile kiti, kwa hiyo haya nayajua kwa kuyala, si kwa kuyasoma.

Bima kwanza tuimalize. Tangu sheria ya mwaka 1972, Medicare inamchukua mgonjwa wa figo zilizokwisha bila kuuliza umri. Inachouliza ni kama yeye au mke wake amefanya kazi na kukatwa kodi muda wa kutosha. Akisafishwa kituoni, kwa kawaida inaanza mwezi wa nne tangu aanze kusafishwa. Akijifunza kujisafisha nyumbani ndani ya ile miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kuhesabiwa tangu mwezi wa kwanza. Bima ya kazini ndiyo inayotangulia kulipa kwa miezi 30, kwa hiyo asikimbilie kuacha kazi. Kituo kitajaza fomu namba 2728 ya kuthibitisha ugonjwa wake kwa Medicare. Uliza kama imeshapelekwa, usisubiri kuambiwa.

Sasa nyota. Ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Za kwanza zinatokana na hesabu: wangapi wamefariki, wangapi wamerudi kulazwa, wangapi bado wana mpira kifuani badala ya fistula mkononi (mishipa miwili iliyounganishwa kwa upasuaji), damu inasafishika kiasi gani. Hesabu hizo ni za muda uliopita, si za leo. Za pili ni maoni ya wagonjwa wenyewe, dodoso linalotumwa mara mbili kwa mwaka. Hapo sisi hatumo. La Mzee lilikuja, likakaa chini ya televisheni mpaka bahasha ikapauka. Kwa hiyo fungua chini ya nyota, soma mstari wa maambukizi ya damu na mstari wa kulazwa. Hiyo mistari miwili ina maneno.

Lakini nikueleze yaliyotukuta kituo cha kwanza, ambacho sikitaji. Kilikuwa kinang'aa, kila kiti na televisheni yake. Theluji ya kwanza ilipoanguka Mzee akaanza kurudi amekunjamana. Miguu inakaza, presha inashuka, siku moja kazimia kwenye lifti. Tukasema ugonjwa umeongezeka. Nikaomba ruhusa nikakae naye. Namwona anaingia, anapanda mizani na koti lake la baridi na mabuti, mhudumu anaandika namba, kwisha. Koti na mabuti vile nilivipima nyumbani: kilo mbili na nusu. Mashine wanaipangia kutoa maji kwa kutoa uzito mkavu, yaani uzito wa mwili usio na maji ya ziada, kwenye ule uzito wa mizani. Basi walikuwa wanamkamua lita mbili na nusu ambazo hazikuwa mwilini, zilikuwa kwenye koti!

Na Mzee mwenyewe? Kwa miezi yote hiyo aliposikia “uzito mkavu” alidhani ni uzito wa mtu aliyekwisha kujifuta maji ya kuoga. Kiingereza cha kazini anacho, cha hospitali hana, na mkalimani alikuwa mtoto wetu wa miaka kumi na moja. Nilikuja kujua baadaye kwamba mkalimani ni haki yake, bila malipo, hata kwa simu. Dai siku ya kwanza.

La pili ni muda. Walikuwa wanamtoa mapema, dakika 25 hivi, kwa sababu wa zamu inayofuata anasubiri kiti. Nikawa naandika nyuma ya kalenda. Mara tatu kwa wiki, mwezi mzima, jumla zimepotea saa tano. Ni kama kuruka safari nzima na zaidi. Nikaomba karatasi ya vipimo vya mwezi, nikatafuta palipoandikwa Kt/V, kipimo cha damu inavyosafishika. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki isishuke chini ya 1.2. Yake ilikuwa 1.08. Nilianza na nesi mkuu, nikaenda kwa afisa ustawi wa kituo. Kimya. Ukutani kila kituo lazima kibandike namba ya Network, ofisi ya kanda inayosimamia malalamiko. Ziko 18 nchi nzima, sisi wa Minnesota ni Network 11 pamoja na Wisconsin, Michigan na Dakota zote mbili. Nikapiga. Nilikuwa natetemeka, nikijua watamfukuza Mzee. Hawaruhusiwi kumfukuza mtu kwa kulalamika. Tulihama wenyewe baadaye, kwa hiari yetu.

Kwangu mimi: nenda kwenye nyota nne, ila vua koti.

Kutoka: Kaka wa mashine, Burnsville

Dada, la koti nimecheka nikanyamaza, maana nimeliona na mimi.

Mimi niko upande wa pili wa kiti, mwaka wa nane. Zamu ya kwanza tunaanza giza, mtu mmoja ana wagonjwa wanne, na mashine mbili zinalia kwa pamoja. Sitetei uzembe, naeleza unakotoka. Shemeji, usichague kwa karatasi. Piga simu uombe kutembelea, wakati wa kubadilisha zamu, si saa nne asubuhi wakati wote wamesinzia. Simama dakika ishirini utazame mikono. Mtu akitoka kiti hiki kwenda kile, anabadilisha glovu na kunawa? Kiti kinafutwa baada ya mgonjwa kuondoka kabisa, au wanakifuta huku mwingine anakaa? Wakifungua mpira wa kifuani, nesi na mgonjwa wote wawe na barakoa, na mdomo wa mpira usuguliwe. Huo mpira unaingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Uchafu ukipita pale ni homa ya kulazwa.

Muulize daktari wa figo mapema kuhusu fistula. Inachukua miezi kukomaa, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ni wiki ya mpira. Mkono utakaochaguliwa usipimwe presha wala usitolewe damu, hata na nesi mwenye haraka. Ikishatengenezwa, kila asubuhi aiguse: inatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Siku isipotetemeka, apige simu hapo hapo.

Na maji. Wengi wetu tunaangalia kasi ya kuyatoa isizidi mililita 13 kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 70 kwa saa nne ni kama lita 3.6. Akija na lita tano, atakazwa na misuli hata kituo kiwe na nyota kumi. Asikose ile siku inayofuata mapumziko ya siku mbili. Hiyo ndiyo inayotuulia watu.

Nyota mbili si bure lakini. Waulize kwa nini, uone wanavyojibu.

Kutoka: Mpwani wa Columbus

Naongeza la chakula tu. Mtaalamu wa lishe alimpa mama yangu, naye anasafishwa, orodha ya vya kuepuka: parachichi, machungwa, nyanya. Mchicha, mihogo, ndizi za kupika, madafu, hakuna hata kimoja. Mama akasema, “Alhamdulillahi, vyetu vimeruhusiwa.” Potasiamu, madini ambayo figo zilizokufa haziyatoi, ikapanda mpaka wakampigia simu usiku. Nikampelekea yule mtaalamu picha za sufuria, tukaanza upya. Mihogo na viazi tunakata vidogo, tunachemsha kwa maji mengi, tunamwaga, tunachemsha tena. Utamu unapungua, sitakudanganya. Ng'onda mwage kabisa: chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, na maji ndiyo hayo aliyosema kaka. Na lile tunda lenye umbo la nyota wanalouza duka la Waasia asiliguse, kwa figo zilizokufa ni sumu ya ubongo.

Kutoka: Mama watatu, Brooklyn Park

Ahsanteni wote. Nimekwenda kote kuwili.

Kile cha nyota nne walinipokea vizuri mapokezini, wakanipa kijitabu, ndani wakasema haiwezekani leo. Nafasi iliyopo ni zamu ya mwisho, anatoka saa nne usiku, na barabara mnaijua mwezi wa kwanza inavyokuwa.

Cha jirani nesi mkuu alinivalisha barakoa akaniingiza, saa tano na nusu asubuhi, zamu zinapobadilishana. Nilitazama mikono kama kaka alivyosema. Watu watano nimewahesabu, mmoja hakunawa, na nesi alimwita pembeni kabla sijatoka. Nilipouliza kuhusu nyota hakukasirika. Alisema maambukizi yalikuwa mengi, yeye ameletwa tangu masika kwa ajili hiyo, akanionyesha karatasi ya miezi ya karibuni ukutani. Pembeni mwa mizani kuna ndoano ya makoti.

Dada wa St. Paul usininunie, nimechukua cha jirani. Nimewaambia nitaomba vipimo kila mwezi na mkalimani wa simu kila kikao, wameandika. Nikiona Kt/V haieleweki nitawaletea humu mnisomee.

Anaanza Jumanne, awe kwenye kiti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jumanne na Jumamosi nitampeleka. Alhamisi mimi natoka kazini saa moja asubuhi, sitamuwahi. Kuna mtu anayepita Brooklyn Boulevard saa kumi na moja alfajiri siku za Alhamisi? Mafuta nitachangia.