Naomba ushauri: diski za kuediti video za harusi, RAID 0 ya diski mbili au NVMe moja?

LenziYaMbagala
Habari za jioni wakuu. Napiga na kuediti video za harusi na sendofu. Mashine yangu ni HP Z440 iliyotumika, RAM GB 32, kadi ya picha Nvidia RTX 3060, na SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 256 yenye Windows. Futeji yote iko kwenye diski ya nje ya TB 4, ya USB, nayo imejaa pomoni.

Tangu tuanze kupiga kwa Sony A7 IV tatu, 4K, biti 10, 4:2:2 (video inayobeba rangi nyingi zaidi), kazi imekuwa mateso. Nikifungua kamera zote tatu kwa pamoja kwenye Premiere Pro, programu ya kuediti, picha inagandaganda, sauti inatangulia. Wiki hii bibi harusi mmoja amenipigia mara mbili kuulizia video yake, na ana haki. Imeniuma.

Fundi mmoja ameniambia ninunue diski mbili za TB 4 nizifunge RAID 0, yaani data zigawanywe kwenye zote mbili zifanye kazi kama diski moja. Mwingine anasema NVMe, ile SSD yenye kasi zaidi ya SATA. Nina laki tisa, na sitashika nyingine mpaka msimu wa Desemba. Harusi moja inanipa kama saa 6 za futeji, kamera zote zikijumlishwa. Natanguliza shukrani.

KebodiMoto
NVMe tu mkuu. Usijiulize mara mbili.

FundiWaya
Kaka, kabla hujatoa hata shilingi, cheza hizo kamera tatu huku umefungua Task Manager, utuambie prosesa na diski zinasoma asilimia ngapi.

Tufanye hesabu. A7 IV kwenye fomati ya Sony ya XAVC S 4K, fremu 25, 4:2:2, inaandika megabiti 140 kwa sekunde. Gawa kwa 8 unapata MB 17.5. Kamera tatu ni MB 52.5 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kwa mfululizo inafika MB 150 na kuendelea, kwa hiyo kwenye karatasi hiyo uliyonayo ingetosha. Kinachoiua ni kwamba kichwa chake cha kusomea kinaruka kutoka faili hadi faili, na kila mruko unakula kama milisekunde 10. Halafu imejaa. Data za mwisho zinakaa upande wa ndani wa sahani, na huko kasi inashuka hadi karibu nusu.

RAID 0 haitibu mruko, inaongeza kasi ya kusoma kwa mfululizo tu. Na ikifa diski moja, vya kwenye zote mbili vimekwenda. Harusi hairudiwi kaka. Mimi hilo silikubali hata kwa bei ya bure.

Lakini nina wasiwasi mkubwa zaidi na prosesa. Z440 inatumia Xeon E5, haina michoro ya ndani, kwa hiyo hakuna Quick Sync, ile sakiti ya Intel ya kufungua video. Na RTX 3060 haina sakiti ya kufungua 4:2:2 ya biti 10. Mzigo wote unabebwa na prosesa peke yake. Ukiweka NVMe ya MB 7,000 kwa sekunde leo, kesho picha itaganda vilevile.

BintiPangani
Naongezea hapo kwa FundiWaya: proksi, yaani nakala nyepesi za kueditia. Mwambie Premiere Pro atengeneze nakala za 1080p za ProRes Proxy. Kwa fremu 25 ni megabiti 38 tu kwa sekunde, na prosesa inazifungua bila jasho. Unaediti kwa proksi, ukitoa video ya mwisho programu inarudi kwenye futeji halisi. Mimi huziacha zijitengeneze usiku.

mwamba_mombasa
Ndugu yangu, chunga sana unapokwenda kununua. Niliuziwa SSD ya nje iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa. Windows iliisoma TB 2 kweli, kumbe ndani ni GB 64. Nilipoteza klipu za arusi nzima ya binamu yangu. Siku hizi kila diski mpya naipitisha H2testw, programu ya kupima ujazo halisi, mpaka mwisho kabla sijaiamini.

Pia SSD za bei ya chini kabisa, zile za QLC (chipu zinazobana biti nyingi sehemu moja) zisizo na DRAM (kumbukumbu yake ya ndani), zina keshi ndogo, yaani sehemu ya kasi inayopokea data kwanza. Ikijaa katikati ya kunakili, kasi inaanguka chini hata ya diski ya kuzunguka. Na diski ya kuzunguka ulizia CMR, usichukue SMR, ambayo mistari yake ya data inalaliana na kuandika kunakuwa polepole.

LenziYaMbagala
Nimejaribu. Prosesa 97%, diski 100%. Yaani zote mbili! Nikatengeneza proksi za dakika 20, nikaziweka kwenye ile SSD ya Windows, kamera tatu zikacheza bila kuganda hata mara moja. Nimekaa naangalia tu. Sasa laki tisa niigawe vipi?

FundiWaya
Safi. Nunua NVMe ya TB 1, TLC (chipu bora kuliko QLC), pamoja na adapta yake ya PCIe (kadi ya kuichomekea), maana Z440 haina sehemu ya M.2, tundu la NVMe, kwenye mazabodi. Slotu zake ni PCIe 3.0, mwisho wake ni kama MB 3,500 kwa sekunde, kwa hiyo usilipie ya kizazi cha 4 kwa ajili ya kasi. Harusi yako moja ni kama GB 380, na proksi zake kama GB 100. Mbili zinaingia.

Inayobaki weka kwenye diski ya kuzunguka ya TB 4 ya ndani, ya kuhifadhia kazi zilizokwisha. Ile ya nje iwe ya nakala ya pili, na usiiache chumba kimoja na kompyuta. Ikibaki chenji, tafuta UPS ndogo, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika.

LenziYaMbagala
Jumatatu naingia Kariakoo. Futeji ya huyo bibi harusi ndiyo ya kwanza kuhamia. Diski yangu inasoma kama MB 90 kwa sekunde, nimepiga hesabu ni saa 1 na dakika 10.

BintiPangani
Kadi za kamera usizifute mpaka umezifungua hizo klipu kwenye NVMe, zote, ukaziona zinacheza.