Je, kijana wangu auze viazi siku ya Sabato?

Mkulima wa Isyonje
Wapendwa, nilibatizwa mwaka jana, na tangu hapo ninajitahidi kuitunza Sabato kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Ninalima viazi na nina ng'ombe wawili wa maziwa. Dalali huja na lori Jumamosi asubuhi, na kijana anayenisaidia ni Mmoraviani, yeye huabudu Jumapili. Je, nikimwachia apime viazi na kupokea fedha wakati mimi niko kanisani, nitakuwa nimeitunza Sabato? Na ng'ombe je, ambao lazima wakamuliwe kila siku?

Mzee wa Tukuyu
Mwanangu, la ng'ombe ni jepesi: wakamue. Katika Luka 13:15, Bwana Yesu aliwakumbusha waliomlaumu kwa kuponya kwamba hata wao humfungua ng'ombe zizini siku ya Sabato wakampeleka kunywa maji. Majani tu yakatwe Ijumaa.

La kijana ndilo zito. Soma Kumbukumbu la Torati 5:14 polepole, uone kwamba amri haimtaji mwenye shamba peke yake, bali na mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, na sababu imetolewa papo hapo: mtumishi apumzike vilevile kama bwana wake, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Kijana akisimama kwenye mzani kwa ajili yako, biashara ni yako na fedha ni zako. Tena Kutoka 34:21 inataja waziwazi majira ya kulima na ya kuvuna, nami naamini yametajwa kwa sababu ndiyo yanayotushinda sisi wakulima.

Mama Uyole
Shikamoo mzee. Ndugu mkulima, nilipoanza kufunga biashara Jumamosi niliwapoteza wateja, na iliniuma. Baadaye nilimweleza dalali mapema kwamba mzigo wangu hupatikana Alhamisi, naye akazoea. Usiusogeze hadi Ijumaa jioni, maana ndiyo siku ya maandalio: kuni, maji, nguo na chakula vyote viwe tayari kabla ya jua kutua, kama ile mana ya Kutoka 16 iliyokusanywa maradufu siku ya sita.

Msomaji wa Njombe
Mimi ni Mlutheri na ninaabudu Jumapili, kwa hiyo sitabishania siku. Ninauliza jambo moja tu: kijana huyo analipwa kwa siku? Ukimpumzisha Jumamosi ukakata ujira wake, kisha ukamchimbisha viazi Jumapili, siku yake ya ibada, ili kufidia, utakuwa umepumzika wewe peke yako.

Mkulima wa Isyonje
Mzee, asante sana kwa ushauri. Ndugu wa Njombe, ni kweli, humlipa kwa siku, na hilo sikuwa nimeliwaza. Nimekaa naye jioni hii tukakubaliana ujira wa mwezi, Jumapili aende kanisani kwake, na Jumamosi nitakamua mwenyewe kabla ya ibada. Dalali nitamwona Jumatano.