Tupeane uzoefu: Waliolelewa na mzee fundi magari aliyepita vitani

Mtoto wa Gereji

Wakuu, salaam. Mzee wetu tumemzika hivi karibuni hapa Morogoro. Alikuwa fundi magari jeshini, alivuka Mto Kagera na wenzake, alipostaafu akafungua gereji uani kwetu. Msibani kila aliyepewa nafasi alisema marehemu alikuwa fundi hodari, mzalendo na baba wa familia, kisha akakaa. Ni kweli tupu, ila mzee mwenyewe sikumwona humo. Kama ulilelewa na mtu wa aina hii, tuambie alikuwaje siku za kawaida. Naanza mimi.

Vita hakuvizungumza. Ukimuuliza alipiga risasi ngapi, atakwambia lete spana namba kumi na tatu. Lakini lori la dizeli likivutwa mpaka uani kwa kuwa limeingia upepo, hapo hadithi inakuja yenyewe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivunja daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978, kwa hiyo wetu walivukia daraja la muda. Mvua, tope, na nyuma yao msururu wa magari ya kila kabila: Land Rover za jeshi, malori ya mashirika, mabasi ya abiria yaliyochukuliwa na madereva wake. Spea za hili haziingii kwenye lile. Alisema walikuwa wanachinja gari moja ili matatu yatembee.

Dereva akiacha tanki likauke, pampu inavuta hewa na injini haiwaki hata uisukume mpaka Mtukula. Unalegeza skrubu juu ya chujio, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, ndipo unahamia kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Mchana ni kazi ndogo. Wao walikuwa wanaifanya usiku bila taa yoyote, basi akazoea kuweka kidole penye skrubu na kusikilizia: povu linachezacheza, dizeli tupu inateleza. Sisi watoto alitufundisha hivyo hivyo, tumefumba macho, na yeye amesimama pembeni anatucheka.

Vita vilipoisha tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mnakumbuka ilivyorefuka. Sabuni ilikuwa ya foleni, kwa hiyo akitoka chini ya gari ananawa mafuta ya taa na mchanga, halafu kipande kidogo cha sabuni alichofichiwa na mama. Kabla ya hapo hashiki mtoto. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akililia kubebwa na baba, baba naye anampigia kelele kutoka kwenye karo: "Subiri, bado ni mchafu!"

Kando ya Mto

Pole sana mkuu. Mimi ni wa huko huko Kyaka. Tulikimbia tukiwa watoto, tuliporudi mabati hayapo, ng'ombe hawapo, hata milango imebebwa. Baba hakuwa mwanajeshi. Alikuwa utingo kwenye lori la mizigo, lori likachukuliwa kwenda vitani, na yeye akapanda nalo kwa sababu ndiye pekee aliyejua tabia za giaboksi yake. Alirudi fundi kamili. Lori halikurudi, na tajiri wake alifuatilia fidia hadi akachoka.

Kitu kimoja kuhusu mzee: kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alikuwa akitengeneza bure gari la mtu yeyote anayekwenda makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wa vita ile. Wajanja walilijua hilo. Gari linakohoa tangu Mei, mwenyewe analisubirisha mpaka tarehe hiyo. Mzee anawajua wote na anawatengenezea.

Mjukuu wa Keya

Habari kutoka Kenya. Wangu mimi ni babu, si baba. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka Bonde la Kabaw mwaka 1944, masika yao yakiwa yamekolea. Aliingia jeshini hajawahi kushika usukani, akatoka dereva na makanika. Alisema siku nyingi kazi haikuwa ya makanika hata kidogo, ilikuwa ya koleo: kutoa magari kwa matope.

Aliporudi alifanya kazi Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga Road, mpaka miguu ikakataa. Kusikiliza injini alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwa injini na mpini kwa sikio, kama daktari, kisha anakuambia ni bearing gani imeisha. Nyanya alikuwa anasema huyu mzee anasikia gari zote za Nairobi lakini akiitwa chakula ni kiziwi.

Binti Ovaroli

Nawasoma tangu asubuhi. Naomba niseme na upande mwingine, maana msiba ukipita huwa tunawapaka marehemu asali.

Mzee wangu alikuwa Lukaya, Machi 1979. Pale barabara ya Masaka kwenda Kampala inakatiza kinamasi cha mafunjo, huna pa kukimbilia kulia wala kushoto, na Walibya wameletwa kumsaidia Amin. Hayo nimeyajua kwa rafiki zake. Kwake nilijua tu kwamba tairi likipasuka gereji analala chini, halafu akiinuka, ole wake aliye karibu. Nyumbani kulikuwa na amri, si mazungumzo. Mama alibeba mengi. Siku hizo hakuna aliyewaambia wazee hawa kwamba usingizi wa kupiga kelele unatibika. Walipewa medali wakaenda nyumbani.

Na huyo huyo ndiye aliyenivalisha ovaroli nikiwa darasa la sita, wakati majirani wanasema anaharibu binti. Aliwajibu kwamba vali haijui anayeisaga ni mume au mke. Nimesomesha wanangu kwa kusaga vali. Kwa hiyo mkiniuliza nilimpenda, nitasema ndiyo, na nitasema pia kuna vyumba vya nyumba yake siingii.

Kiti Kirefu

Wangu alikuwa mpishi wa jeshi, gari hajui hata kulifungua boneti. Ila ugali wake ungeweza kusimamisha kifaru. Endeleeni, nasoma.

Mtoto wa Gereji

@Binti Ovaroli asante dada, hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Wa kwetu alikuwa anaamka saa tisa usiku na kwenda kukata gasketi. Analaza karatasi ngumu juu ya silinda hedi, anagonga kingo taratibu kwa nyundo mpaka umbo lijikate. Sisi tulidhani ni uchapakazi.

Sasa naomba ushauri. Tumefungua sanduku lake la vifaa na ndugu tumeanza kuvutana. Spana za milimita kila mtu anazitaka, kwa sababu magari ya Kijapani ndiyo yamejaa mjini. Za inchi, alizotumia kwenye Land Rover za zamani, hakuna anayezigusa. Shemeji ameshaleta mtu wa vyuma chakavu azipime kwa kilo.

Landrova 109

Mkuu, huyo mtu wa vyuma chakavu mfukuze leo hii! Nipo Iringa, nina Land Rover ya zamani, mia na tisa, inatembea, na spana nzuri za inchi nimezitafuta hadi Kariakoo, naonyeshwa za kuchonga ambazo zinakula nati. Taja bei.

Mtoto wa Gereji

Haziuzwi. Wewe ilete hiyo gari hapa Moro uifungue mwenyewe. Spana ni bure, chakula utapika na shemeji.