Naomba ushauri: natafsiri vyeo vya jeshi la mfalme wa Ufaransa, mteja kanirudishia kazi

Mtafsiri wa Usiku:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya kutafsiri maelezo ya filamu ya makala kuhusu Vauban, yule mjenzi wa ngome wa mfalme Louis XIV. Nilijua ni ya siku mbili tu. Niliandika hivi: "Mwaka 1674 akawa brigedia, 1676 akawa fildi mashali, 1688 akawa luteni jenerali, na 1703 akawa mashali wa Ufaransa."

Mteja kanirudishia, kaandika pembeni: "1688 alishushwa cheo kwa kosa gani?"

Kifaransa cha 1676 kinasema *maréchal de camp*. Sasa hapo nimekosea nini? Halafu mkuu wa rejimenti ya wapanda farasi wanamwita *mestre de camp*, ukurasa unaofuata mkuu wa rejimenti ya askari wa miguu anaitwa *colonel*. Ni vyeo viwili au kimoja? Mwisho wangu ni Ijumaa.

Babu wa Ramani:
Pole kijana, hilo neno limewaponza wengi. *Maréchal de camp* si fildi mashali, ambacho ni cheo cha juu kuliko luteni jenerali. Ni jenerali aliyekaa juu ya brigedia na chini ya luteni jenerali, na kazi yake ya awali ilikuwa kupanga kambi ya jeshi. Vauban hakushushwa popote, alikuwa anapanda ngazi.

*Maréchal* asili yake ni mtunza farasi. Wengine wakapanda nalo hadi kwa mfalme, wengine likabaki nao zizini: *maréchal-ferrant* mpaka leo ni fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma, na *maréchal des logis* ni sajenti wa wapanda farasi. Ukiliona, soma kwanza kinachofuata.

Mtafsiri wa Usiku:
Duh. Asante sana mzee. Ila luteni jenerali anakuwaje mkubwa hivyo, wakati luteni wetu hata kapteni hajamfikia?

Mama Tunu:
Mwanangu, "luteni" kwa Kifaransa ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine, yaani kaimu. Kaimu wa nani, ndiyo swali. Luteni wa kawaida anamkaimu kapteni kwenye kombania. Luteni kanali anamkaimu kanali. Luteni jenerali anamkaimu mkuu wa jeshi zima. Kaimu mkurugenzi na kaimu karani wote ni makaimu, lakini mishahara yao unaijua.

Kota Gadi:
Hilo la *mestre de camp* niachieni mimi. Zamani palikuwa na bwana mmoja mwenye wadhifa wa Kanali Mkuu wa askari wa miguu, na jina "kanali" lilikuwa lake. Wakuu wa rejimenti wakaitwa *mestre de camp*. Mwenye wadhifa huo, mtawala wa Épernon, alipofariki 1661, Louis XIV akaufuta, na wakuu wa rejimenti za miguu wakaanza kuitwa makanali. Wapanda farasi bado walikuwa na Kanali Mkuu wao, ndiyo maana kwao jina la kale liliendelea. Kwa hiyo ni kazi ileile.

Jambo jingine la kuangalia: rejimenti ilinunuliwa. Kombania pia. Kijana wa ukoo tajiri aliweza kuwa kanali kabla ndevu hazijakolea, huku luteni kanali wake, mzee mwenye makovu, ndiye anayeendesha kila kitu. Umeja na uluteni kanali havikuuzwa. Ndiyo maana cheo cha brigedia kiliwafaa maofisa wasio na fedha, maana luteni kanali aliweza kukipata bila kununua rejimenti. Mtazame Chevert, yatima wa Verdun: 1741 alikuwa luteni kanali wa rejimenti ya Beauce, akaongoza waliopanda ukuta wa Prague. 1748 tayari ni luteni jenerali. Ukikuta ofisa karuka ukanali, usidhani mstari umepotea.

Jicho la Tai:
Mnamchosha bure. Andika "meja jenerali", watazamaji hawana muda huo.

Babu wa Ramani:
Si rahisi hivyo. Mwaka 1793 Mapinduzi yaliyabadili majina: *maréchal de camp* akawa jenerali wa brigedi, luteni jenerali akawa jenerali wa divisheni. Ukimwita meja jenerali, atatokea mtu akuulize mbona sio brigedia jenerali. Weka jina la Kifaransa, kisha maneno machache ya maelezo, mara moja tu. Na miaka usiifute. Tangu 1675 maofisa wa cheo kimoja walipangwa kwa tarehe za hati zao, kwa hiyo tarehe ilikuwa sehemu ya ukubwa wa mtu.

Mtafsiri wa Usiku:
Nimeandika: "Mwaka 1676 akawa *maréchal de camp*, jenerali wa ngazi ya chini ya luteni jenerali." Nimetuma asubuhi.

Mama Tunu:
Safi. Kasemaje?

Mtafsiri wa Usiku:
Hilo kalipitisha. Ila kaenda kuangalia kamusi ya Kifaransa, kakuta *brigadier* ni koplo wa wapanda farasi. Anauliza 1674 Vauban alikuwa koplo?

Babu wa Ramani:
Mwambie aongeze *des armées du roi*, "wa majeshi ya mfalme". Koplo hakuwa nayo hiyo.