Dogo anatengeneza biti: nimuanzishie muvi gani ya zamani?

Wakuu, mdogo wangu anashinda kwenye laptop anagonga biti. Kali, ila kila sekunde kajaza kitu, hamna pa kupumulia. Jumamosi nataka nimkalishe aangalie muvi moja ambayo muziki wake utamfunza. Mimi nasema Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone (1968), kaka yetu anang'ang'ania Psycho ya Hitchcock (1960). Tumebishana hadi mama katufukuza sebuleni. Nishaurini.

Mzee wa Kideo: Leone, huna haja ya kuuliza. Morricone alitunga muziki kabla hawajaanza kupiga picha, Leone akawa anaufungulia palepale waigizaji wakicheza, ndiyo maana hata mwendo wao unafuata wimbo. Stelingi Charles Bronson haongei sana, hamonika inamsemea. Kaipataje? Simalizii dogo uhondo.

Binti Tanga: Karibu saa tatu hizo, atasinzia. Mpe Psycho. Bernard Herrmann katumia vyombo vya nyuzi tupu, fidla na wenzake, ngoma hata moja hamna. Mtu wa biti mnyang'anye ngoma uone atafanyaje! Hitchcock alitaka pale mtu anapouawa bafuni pawe kimya, Herrmann akatunga muziki hata hivyo, bosi kusikia akanyoosha mikono. Ila mimi napenda pale Janet Leigh anapoendesha gari mvuani na pesa za wizi. Zima sauti: mwanamke yuko barabarani, basi. Washa sasa.

Mzee wa Kideo: Ugonjwa wa dogo ni kujaza, Binti, siyo ngoma. Mwanzo wa Leone pale stesheni muziki hamna kabisa. Kinu cha upepo kinalia, nzi anasumbua, maji yanadondokea kofia. Treni inapoondoka ndiyo unasikia hamonika.

Fundi Spika: Sholay (1975), ile ya Kihindi, mmeiacha wapi? Muziki wa R.D. Burman. Jioni Amitabh anapuliza hamonika, Jaya Bhaduri ng'ambo anazima taa moja moja, hakuna anayesema neno.

Binti Tanga: Nayo inapita saa tatu, Fundi. Mnataka kumuua mtoto wa watu.

Mwenye uzi: Binti, hilo la gari limeniingia, nitaliangalia mwenyewe usiku. Dogo namuwekea ya stesheni kwanza, akinogewa tunaendelea. Spika za laptop zitatosha?

Fundi Spika: Thubutu! Nzi hutamsikia. Mvalishe hedifoni.